Aya Mbili Nilizozifupisha

Kazi yangu ni kusahihisha maneno ya watu wengine. Katika kampuni ya bima iliyoniajiri, waraka wowote unaotoka kwa wakubwa kwenda kwa wafanyakazi hupita kwangu kwanza, na barua nyingi za wateja waliokasirika pia. Natoa makosa, nakata yaliyozidi, naongeza adabu mahali ilipokosekana. Mambo haya yalipotokea nilikuwa nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na minne, na nilidhani naijua.

Korona ilikuwa imepungua. Tulikuwa tumefanyia kazi nyumbani kwa muda mrefu, kila mtu kwa namna yake. Mimi, katika nyumba yetu ya vyumba viwili kule Kangemi, nilikuwa nimeigeuza meza ya kupigia pasi kuwa ofisi. Mke wangu alipotaka kunyoosha sare za watoto, nilihamia kitandani na kompyuta magotini. Sasa kampuni ilitaka kuamua tuendelee vipi. Tulikuwa na ghorofa mbili za jengo moja katikati ya jiji, upande wa nyuma ukitazama River Road, na kila siku nusu ya viti havikuwa na watu. Wengine walikuwa wamerudi kama watu waliotoka kifungoni. Wengine hawakutaka kusikia habari za kurudi.

Mkuu wa wafanyakazi alikuwa mama mmoja asiye na maneno mengi, ambaye sote tulimwita Madam. Aliniita ofisini mwake Jumatatu moja asubuhi akanipa karatasi mbili. Alikuwa amewaomba wafanyakazi waandike maoni yao kwa ufupi, na kati ya yote aliyopokea amechagua mawili: moja la kutetea nyumba, moja la kutetea ofisi.

"Wakurugenzi wanakutana Alhamisi," aliniambia. "Nataka nusu ukurasa. Weka maoni yote mawili kwa ufupi, halafu uonyeshe wanapokubaliana."

"Na kama hawakubaliani, Madam?"

"Hakuna watu wawili wasiokubaliana hata kitu kimoja. Tafuta."

Niliwajua wote wawili walioandika.

Wa kwanza alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyeshughulikia madai ya wateja. Mtu akigongwa na gari, au duka lake likiungua, faili lilifika kwake, naye alilisoma mpaka mwisho kabla ya kusema neno. Kwao ni Kitui. Alikuwa amepanga nyumba nyuma ya maduka ya Adams Arcade, ghorofa ya tatu, na tangu mama yake apate kiharusi alikuwa amemleta akae naye huko. Aliandika hivi:

"Naomba niendelee kufanyia kazi nyumbani. Kazi yangu ni kusoma, na faili halijui nimelisomea wapi. Tangu tuondoke ofisini sijachelewesha dai hata moja. Mama yangu alipata kiharusi na anaishi nami. Hawezi kuinua kikombe kwa mkono wa kulia, na maneno mengi yamempotea. Lakini akinisikia nikibonyeza kompyuta analala vizuri. Sitaki aamke siku moja asinisikie."

Wa pili alikuwa mzee wa masjala. Mzee kwa heshima tu, maana alikuwa hajafika sitini, lakini alikuwa ameingia pale kabla ya kompyuta na alijua kila faili la kale lilikolala. Alizaliwa Uthiru wakati kungali na mashamba ya mahindi, akajenga juu ya kipande alichoachiwa na baba yake, na sasa amezungukwa pande zote na majumba ya kupangisha. Mke wake alifariki wakati wa korona. Kila siku alivaa tai na sweta, hata jua likichoma. Yake ilikuwa hii:

"Mimi naomba ofisi ibaki. Wanaosema kazi ni kompyuta tu hawajawahi kusimama dirishani na mjane anayetafuta karatasi ya mume wake. Mtu mgeni kazini hujifunza kwa kukaa karibu na anayeijua. Pia nataka kusema kwamba nyumba yangu ni kubwa kwa mtu mmoja. Nikija kazini kuna watu kama thelathini wa kuniuliza nimeamkaje. Nikibaki nyumbani hakuna."

Nilizisoma mara mbili, nikachukua kalamu. Hakuna aliyenituma kufanya nilichofanya. Niliona tu, kama nilivyozoea kuona, kwamba kila moja ina sentensi zinazohusu kazi na sentensi zinazohusu nyumbani kwa mtu, na kwamba wakurugenzi wangeziona hizi za pili kama kilio. Nilijiambia nawahifadhi. Nikakata kiharusi, kikombe na usingizi. Nikakata nyumba kubwa na wale watu thelathini. Yaliyobaki yalikuwa safi na yalitosha mistari minne minne.

Halafu nikaandika yangu. Niliandika kwamba wafanyakazi wote wawili wanakubaliana kuwa kinachopimwa ni kazi, wala si kiti; kwamba wote wanathamini unyumbufu; na kwamba, kwa kuwa kila upande unaona uzuri wa upande wa pili, mpango wa mseto, siku tatu ofisini na mbili nyumbani, unaonekana kukubalika kwa wote. Sentensi hiyo ya mwisho hakuna aliyeisema. Niliitunga mimi kwa sababu nusu ukurasa ulihitaji mahali pa kuishia.

Niliwaonyesha kabla ya kuipeleka, hilo nililifanya. Mzee alikuja mezani kwangu akainama kwenye kioo cha kompyuta.

"Umeifupisha," akasema.

"Ndiyo, Mzee. Nimeiweka kwa lugha ya ofisi."

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya sweta. "Wewe ndiye mwandishi," akasema, akarudi masjala.

Yule dada nilimtumia kwa baruapepe. Alijibu neno moja: "Sawa."

Madam alifurahi. Wakurugenzi walifurahi zaidi. Kabla ya mwezi kwisha waraka ulitoka, nami ndiye niliyeusahihisha: kila idara siku tatu ofisini, mbili nyumbani, na kwa kuwa hatutakuwa wote kwa pamoja, ghorofa moja irudishwe kwa mwenye jengo. Viti vingekuwa vya zamu. Idara yangu ilipewa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Madai na masjala walipewa Jumanne, Jumatano na Alhamisi.

Masjala ndiyo iliyohamishwa kwanza. Faili zote za zamani zilitiwa kwenye maboksi zikapelekwa ghala la mbali. Mzee alizifunga mwenyewe, boksi moja moja, akiandika juu ya kila boksi kwa mkono wake mzuri wa shule za zamani. Wabebaji walimsubiri, na hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza alifagia chumba, ingawa kilikuwa kinaachwa. Kisha alipewa kompyuta na kiti cha zamu kama sisi wengine.

Jumatatu moja, kama wiki tatu baadaye, nilitoka saa saba kununua chakula, nikapita ndani ya bustani ya Jeevanjee kukata njia. Mhubiri alikuwa amewakusanya watu upande mmoja. Upande wa pili, kwenye benchi, niliona tai na sweta ninazozijua. Mzee alikuwa ameweka karatasi mapajani, juu yake mayai mawili ya kuchemsha na chumvi kwenye kipande cha gazeti.

"Mzee, leo si siku yako," nilimwambia.

"Najua. Soja wa mlangoni amenionyesha orodha, jina langu haliko. Si makosa yake."

"Sasa unafanya nini hapa?"

Alimenya yai polepole. "Niliamka, nikaoga, nikavaa. Nikajikuta nimefika. Nikaona heri nikae mpaka saa kumi na moja, nirudi na wenzangu."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa pia." Akanikaribisha yai la pili. Nililichukua kwa sababu kulikataa kungekuwa vibaya zaidi. Tulikula, mhubiri akipaza sauti, kisha nikarudi ofisini, kwenye kiti ambacho siku ya pili yake kingekuwa chake. Sikumwambia mtu yeyote. Nilijiambia ni mambo yake.

Yule dada naye alikuja siku zake zote tatu bila kukosa. Alikuwa ameajiri mama mmoja jirani wa kukaa na mama yake. Alikuja mapema kuliko wengine ili aondoke mapema, na saa ya chakula hakushuka. Alipiga simu, akaomba simu iwekwe sikioni mwa mama yake, halafu akazungumza Kikamba kwa sauti ya chini. Nilikuwa nasikia neno moja tu ninalolijua, "Mwaitu," mama yangu, na baada yake kimya kirefu, kwa sababu upande wa pili hapakuwa na maneno ya kujibu.

Ilikuwa Jumatano, siku ambayo idara zetu zote zilikutana. Alikaa meza ya pili kutoka kwangu. Saa tano kasorobo simu yake iliita. Alisema "Ndiyo" mara tatu, akaiweka simu mezani, akaendelea kusoma faili lililokuwa kwenye kompyuta. Alisoma mpaka mwisho wa ukurasa. Aliandika alichotaka kuandika, akahifadhi kazi yake. Kisha akanigeukia.

"Mama amekufa," akasema.

Sikumwelewa mara moja, kwa jinsi alivyosema kwa utulivu. Nilipoelewa nilisimama, nikamchukulia mkoba na koti. Hakutaka kungoja lifti. Tulishuka ngazi zote sita, yeye mbele, mkono wake ukipapasa ukuta. Nilisimamisha teksi, nikaingia naye. Barabara ya Ngong ilikuwa imejaa magari, na tulikaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Dereva aliuliza kama tuna haraka. Yeye ndiye aliyemjibu.

"Hapana," akasema. "Hakuna haraka tena."

Yule jirani alitupokea mlangoni akilia. Alikuwa amepanda juu ya paa kuanika mashuka, akasema, si zaidi ya dakika kumi, na aliporudi alimkuta bibi ameinamisha kichwa. Tuliingia. Mama alikuwa bado kitini, amefunikwa leso mpaka shingoni. Kiti chenyewe hakikuwa cha sebuleni. Kilikuwa kile cha mezani alikofanyia kazi binti, penye waya za kompyuta na taa ndogo.

"Mbona yuko hapa?" binti aliuliza.

"Siku ambazo haupo anataka kuketi hapo," jirani akasema. "Ananionyesha kwa mkono mpaka nimlete."

Binti alipiga magoti akaushika ule mkono wa kulia, usioweza kuinua kikombe. Mimi nilitoka nje, nikasimama kwenye ngazi, nikampigia Madam simu, nikampigia mke wangu. Nilitafuta watu wengine wa kupigia ili nisirudi ndani. Wakati huo sentensi zangu za nusu ukurasa zilikuwa zimeanza kunijia moja baada ya nyingine, na nilizijua zote kwa moyo.

Jioni za maombi zilianza siku hiyohiyo. Watu wa kanisa lake, majirani na jamaa zake waliotoka Kitui walijaza ile nyumba mpaka kwenye ngazi. Mimi nilienda Jumapili jioni, nikakaa karibu na mlango. Mzee wa masjala alikuwa amefika kabla yangu. Alikuja kila siku, waliniambia, kutoka Uthiru, na alikuwa amejipa kazi ya kupanga viti.

Nyimbo zilipokatika na chai ikaanza kupita, binti alikuja akaketi kwenye mkeka, mgongo ukutani. Mtu mmoja wa kanisani alikuwa akimfariji. Alimwambia daktari amekwisha kusema kwamba kiharusi cha pili kilikuwa kikubwa, hata kama angekuwepo asingeweza kufanya lolote.

"Sijasema ningemwokoa," alijibu, bila ukali. "Nimesema ningekuwepo."

Yule mtu akainuka kuongeza chai. Mzee akavuta kiti chake karibu, kisha akaona kiti kiko juu mno, akaketi chini kwenye mkeka kando yake, kwa shida ya magoti.

"Msichana wangu," akasema, "mimi nilikuwepo."

Binti aligeuka kumtazama.

"Mke wangu alikufa nikiwa nyumbani. Wakati ule wa korona. Yeye alikuwa chumbani, hajisikii vizuri, mimi niko mezani, tuko kwa mkutano wa simu. Aliniita mara moja. Nilimwambia, ngoja kidogo, bosi anaongea." Alikunywa chai kidogo. "Hakuniita tena. Mkutano ulienda karibu saa nzima. Tulikuwa tunaongea juu ya rafu za faili. Nilipoenda kumwangalia alikuwa ameshaenda. Kutoka meza mpaka kitanda ni hatua kumi na moja. Nimezihesabu."

"Hukuniambia, Mzee," binti akasema.

"Sijaambia mtu. Watu huniambia, shukuru Mungu ulikuwa naye mpaka mwisho. Nami nasema, nashukuru." Akaweka kikombe sakafuni. "Ndiyo maana siwezi kukaa ile nyumba mchana. Usiku si mbaya, usiku nalala. Mchana ndio nasikia ananiita."

Binti alianza kulia hapo, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, kama dada yake mkubwa alivyoniambia baadaye. Mzee hakumshika wala kumwambia anyamaze. Alikaa tu pale chini, tai yake imenyooka, mpaka kilio kikaisha. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwao na karatasi zao zote mbili zilikuwa bado kwenye droo yangu. Madam alikuwa amesema hakuna watu wawili wasiokubaliana hata kitu kimoja. Nilikuwa nimetafuta mahali pengine kabisa.

Basi la kwenda mazishini Kitui liliondoka Ijumaa alfajiri. Mzee alikwenda. Nusu ya idara ya madai ilikwenda. Mimi sikwenda. Nilisema kuna waraka wa haraka, na kweli ulikuwepo, lakini ungeweza kungoja. Mke wangu aliniuliza, "Mtu uliyempeleka nyumbani siku ile, unakosaje kumzikia mama yake?" Nikamjibu kazi ni kazi.

Jumatatu nilizitoa zile karatasi mbili za mwanzo, zilizoandikwa na wenyewe, nikazipeleka kwa Madam. Nilimweleza nilichokata. Alizisoma akiwa amesimama dirishani, kwanza ya binti, kisha ya mzee, kisha ya binti tena. Nilitegemea aniambie kwamba nilifanya sawa, kwamba mambo ya nyumbani hayana nafasi katika karatasi za wakurugenzi. Nadhani nilikuwa nimekwenda kutafuta neno hilo.

"Wewe ulinipa nusu ukurasa," akasema. "Mimi hizi nilizipitia haraka tu kabla sijakupa, nikijua utaniambia yaliyomo. Mbona hukuniambia?"

Nikasema niliona si ya kiofisi.

"Na nini kilichokuwa cha kiofisi?" akauliza. Hakungoja nijibu. Aliketi, akasema kosa si la mtu mmoja, akaniambia nimwachie zile karatasi.

Wiki mbili baadaye uliongezwa mstari katika ule mpango: mfanyakazi anayemtunza mgonjwa anaweza kuomba kufanyia kazi nyumbani siku zote, na asiyeweza kufanyia kazi nyumbani, kwa sababu yoyote, anaweza kuomba kiti cha kudumu. Nilipewa niusahihishe. Sikuugusa hata nukta.

Niliomba kumwona binti aliporudi kutoka Kitui. Tulikutana Adams, kwenye hoteli ndogo ya chai, mchana wa Jumamosi. Alikuwa amenyoa nywele zote na uso wake ulikuwa umepungua. Tuliagiza chai na mandazi, na mandazi yakabaki kwenye sahani.

"Kuna jambo sijakuambia," nilisema. "Ile aya uliyoandika. Sentensi za mama yako hazikufika kwa wakurugenzi. Mimi ndiye niliyezikata."

"Najua. Ulinitumia nikasoma."

"Kwa nini hukunikataza?"

"Nilidhani ndivyo ofisi inavyotaka. Wewe ndiye unajua mambo ya ofisi." Alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Niliziandika usiku, mama amelala. Zilinichukua muda kuliko zile zingine zote."

"Kama ningeziacha, labda..."

"Labda. Wangeweza kusoma na bado waseme siku tatu." Akasogeza sahani ya mandazi kando. "Lakini ningejua waliambiwa."

Nilimwomba msamaha. Alisema sawa, kwa sauti ile ile ambayo nadhani ndiyo aliyoiandikia lile neno moja la baruapepe, na nikajua kwamba ni sawa ya mtu mwenye adabu tu. Sikuomba tena. Nikamweleza ule mstari mpya ulioongezwa, wa watu wenye wagonjwa nyumbani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni vizuri," akasema. "Wako wengine."

Kisha akanishangaza. Aliniuliza nani anakaa kiti changu siku ambazo si za idara yake, Jumatatu na Ijumaa. Nikamwambia nakaa mimi.

"Siwezi kukaa ile nyumba siku hizo," akasema. "Naketi pale mezani, nikibonyeza kompyuta nasikia alichokuwa anasikia mama, nikiacha naogopa. Nimetafuta nyumba nyingine lakini sijapata. Na vile viti vya kudumu wanasema bado havijapangwa."

Nikampa kiti changu. Lilikuwa jambo dogo, na halikunigharimu kitu zaidi ya kurudi kwenye meza ya kupigia pasi, lakini ndilo jambo pekee aliloniomba. Kwa miezi minne alikuja siku zote tano. Yeye aliyeandika kutetea nyumba akawa ndiye wa kwanza kufika ofisini na wa mwisho kutoka. Siku za Jumatano, nilipokuwepo, nilimwona akila chakula cha mchana na mzee mezani, mayai na viazi vitamu vilivyotoka nyumbani, wakizungumza habari za mvua na za Kitui. Walikuwa wakicheka mara kwa mara. Sikuwahi kualikwa kwenye meza hiyo, na sikuona sababu ya kualikwa.

Baadaye alipata kazi katika serikali ya kaunti huko kwao, akahama. Aliaga kila mtu mmoja mmoja. Aliponifikia alinipa mkono, akaniambia nisalimie watoto. Nimewahi kumtumia ujumbe mara mbili tangu hapo, wakati wa Krismasi, naye amejibu kwa maneno mazuri, kama anavyojibiwa mtu mliyefanya naye kazi.

Mzee alipewa kiti cha kudumu, cha kwanza kabisa katika ghorofa yetu, karibu na dirisha. Alikitumia mwaka mmoja na miezi kadhaa, mpaka siku ya kustaafu. Hotuba ya kumuaga nililetewa niisahihishe. Nilimpigia simu kwanza nikamuuliza ni nini angependa kisemwe na nini kisisemwe. Alifikiri kidogo, akasema wataje tu kwamba hakuna faili lililopotea mikononi mwake.

Nilimtembelea Uthiru mwezi uliopita. Nyumba ni ya mawe, imetunzwa, ina vyumba vitano, na milango ya vitatu imefungwa. Alinikaribisha uani, chini ya ukuta wa jengo la jirani linaloziba jua kuanzia saa nane. Parokia yake imempa kazi ya kunakili rejista za ubatizo za miaka ya zamani, ambazo karatasi zake zinavunjika, na huenda huko kwa miguu Jumanne na Alhamisi. Alinieleza jinsi anavyosoma mwandiko wa mapadri waliokufa, na jinsi alivyolikuta jina la mama yake mzazi. Wakati huo alionekana kama zamani, alipokuwa akisimama dirishani masjala.

Nikamuuliza siku nyingine anafanya nini.

"Siku nyingine nakaa tu," akasema, akaniongezea chai.